Kosa Lilikuwa Kwenye Mpandano, Si Kwenye U

Mliofuatilia lile wasilisho la kijana wetu kuhusu usumaku wa CrI3 (iodidi ya kromiamu) mliona mahali lilipoharibikia: slaidi ya muundo, kabla hata hesabu haijaanza. Alichukua kimiani cha donge lililopoozwa, ule mpangilio wa rombohedrali, akakata matabaka mawili, akagandisha atomi mahali zilipo na kuendesha hesabu ya DFT. Jibu likatoka feromagneti. Majaribio yanasema kinyume, naye dawa yake ikawa kupandisha U, kile kipimo cha elektroni kusukumana ndani ya atomi.

U imesingiziwa.

Tangu 2017 inajulikana kwamba tabaka moja ni feromagneti hadi kelvini 45 hivi, ila mawili yakipandana, spini za juu hupingana na za chini. Donge la CrI3 ni monokliniki kwenye joto la chumba, hugeuka rombohedrali likipoa hadi kelvini 210 na ushei. Vipande vyembamba hubanduliwa kwenye joto la chumba, na ukivipoza havigeuki, hubaki na mpandano wa monokliniki. Pita duka lolote la mabati hapa Misikhu: bonde likilala ndani ya bonde, rundo linashikana, lisukume bati la juu nusu ya wimbi, linakaa juujuu, na bati ni lile lile. Kwenye CrI3, kuteleza kidogo namna hiyo hubadilisha kromiamu ipi inafikiana na ipi kupitia iodini. Njia ya obiti za t2g kwa eg, inayovuta upande wa feromagneti, inazidiwa na ile ya t2g kwa t2g. Sivadas na wenzake walilieleza hilo 2018. Mwaka uliofuata, makundi mawili yalibana matabaka haya kwa shinikizo la karibu gigapaskali 2. Yakateleza, yakageuka feromagneti, na shinikizo lilipoondolewa yakabaki hivyo hivyo. Baada ya hayo yote, slaidi ile ina udhuru gani?

Sikatai, hesabu yake ya tabaka moja ilikuwa safi, pamoja na anisotropia yake.

Najua mmechoka kunisikia: acha atomi zitulie kwanza, ndipo uulize spini. Goodenough na Kanamori, miaka ya 1950, hawakuwa na kompyuta kubwa ya kukimbilia. Walitazama pembe. Pembe ya kromiamu–iodini–kromiamu ikikaribia nyuzi 90, walikwishatuambia spini zitaelekea wapi. (Nobeli ya Goodenough ilikuja 2019, na ikaja kwa betri!) Hata waliopitia ASESMA, ile shule ya Afrika ya hesabu za muundo wa elektroni, kule Eldoret 2012 nadhani waliheshimu muundo kuliko hawa wetu wenye saa tele za kuchezea kwenye kompyuta kubwa za CHPC, Cape Town.

Arudie kazi kwa mipandano yote miwili, kila mmoja utulizwe kivyake, kisha alinganishe nishati za spini sambamba na spini pinzani. Tofauti hiyo ni ndogo mno, kwa hiyo kadirio la PBE tupu bila sahihisho la van der Waals haitamfaa: akikosea pengo kati ya matabaka, ishara ya jibu yenyewe inaweza kupinduka.