Pale, Kule na Mle: Faraja ya Matembezi katika Mbolezi za Thomas Hardy

Mashairi ambayo Thomas Hardy aliyakusanya chini ya anwani Poems of 1912-13 huchukuliwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba maumbile humfariji aliyefiwa. Usomaji huo una msingi. Emma, aliyeishi naye katika ndoa kwa miaka 38, alifariki tarehe 27 Novemba 1912. Mwezi Machi uliofuata, mgane huyo wa miaka 72 alisafiri hadi Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, akazipita tena njia za juu ya majabali ya bahari. Huko ndiko alikomwona Emma kwa mara ya kwanza mwaka 1870, alipotumwa kama msanifu majengo kulikagua kanisa la St Juliot. Mashairi yalichapishwa mwaka 1914 ndani ya Satires of Circumstance. Mtu amefiwa, ametembea, ametunga. Ni rahisi kuhitimisha kwamba bahari ilimtuliza.

Mashairi yenyewe hayasemi hivyo. Katika "Beeny Cliff" jabali limesimama vilevile lilivyokuwa, na uzuri wake ndio unaouma, kwa kuwa mwanamke aliyelipenda yuko kwingine na halijali tena. Maumbile hayana neno la kumwambia nafsineni. Faraja, kama ipo, inatoka kwingine.

Sarufi ya Kiswahili inasaidia kuionyesha ilipo. Pale ambapo Kiingereza hutosheka na kielezi kimoja, ngeli ya mahali katika Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa eneo lisilo dhahiri au uelekeo, mu- kwa undani. Mfasiri wa Hardy hawezi kuukwepa uchaguzi huu, na kila anapochagua anafanya uhakiki, apende asipende.

Katika "At Castle Boterel" nafsineni yumo safarini siku ya manyunyu, anaelekea njiapanda. Anageuka na kujiona yeye na msichana wakiipanda barabara ileile katika ukavu wa Machi ya zamani, wameshuka garini ili kumpunguzia mnyama mzigo. Anakiri kwamba maelfu wamepita kwenye mteremko huo, kabla yao na baada yao. Hata hivyo, kwake yeye, miamba iliyodumu tangu zama za kale imeandika jambo moja tu: kwamba wawili hao walipita. Hapa pa- haina mshindani: pale walipopita. Mwamba unafariji kwa kuwa ni shahidi, si kwa kuwa unapendeza. Hata ushahidi huo si wa kudumu, maana kivuli cha msichana kinazidi kudidimia mvuani, na nafsineni anajua kwamba anakitazama kwa mara ya mwisho.

Ulinganisho na "Amina" ya Shaaban Robert unaifanya hoja iwe wazi zaidi. Mbolezi hiyo nayo humlilia mke, nayo huyagusa maumbile, lakini kwa njia ya tashbihi: marehemu ni ua lililofunga baada ya kuchanua. Mshairi hahitaji kwenda popote. Anamwombea mkewe pepo na kushikilia kwamba fungamano lao halina wa kulifungua. Kule anakoelekeza dua kuna Mwenye kuipokea. Hardy, ambaye imani ya namna hiyo ilikuwa imemtoka zamani, hana kule ya kumpeleka Emma. Amebakiwa na pale, na pale haifikiki kwa dua. Inafikiwa kwa miguu. Ndiyo sababu mgane huyu lazima atembee, na ndiyo sababu neno "mandhari", kama linavyozoeleka katika uhakiki wetu kwa maana ya usuli wa matukio, halitoshi hapa.

Shairi linaloujaribu mtazamo huu kwa ukali zaidi halina bahari wala jabali. "The Walk" lina mishororo kumi na sita tu. Nafsineni anapanda kilima hadi kwenye mti ambao zamani walikuwa wakiuendea wote wawili. Katika siku za mwisho mke alikuwa dhaifu na mwenye kuchechemea, hakuweza kwenda. Mume alikwenda peke yake wala hakuona tatizo, hata hakumfikiria kuwa ameachwa nyuma. Leo amepanda tena peke yake, kama juzi na jana. Kuna tofauti gani? Tofauti pekee ni jinsi chumba kinavyoonekana anaporudi.

Kilimani, basi, hakuna kilichobadilika, na hilo ni shitaka. Upweke wa matembezi ya leo ni ule ule alioustarehea mke alipokuwa hai, ndani. (Msomaji wa pwani yetu hakosi kukumbuka kwamba eda humtuliza nyumbani mwanamke aliyefiwa kwa miezi minne na siku kumi, ilhali mwanamume hana eda; uhuru wa kutoka kwenda kujiliwaza haukugawiwa sawa, huko wala huku.) Shairi linatumia karibu mishororo yote kilimani, katika pa-, kisha msiba unaingia mwishoni kabisa kwa mu-: mle chumbani, ambamo zamani palikuwa na mtu anayesubiri. Mfasiri akiandika "kule chumbani" sentensi itakuwa sahihi kisarufi, lakini mgane atakuwa bado amesimama nje, penye mti.