Zawadi na Deni

Wasomaji wetu wa Kilosa na Mikumi wajua methali mbili zisizopatana. Moja yasema, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Nyingine yajibu, "Mkono mtupu haulambwi." Basi, zawadi ni moyo, au ni biashara iliyofunikwa kitambaa?

Mwaka 1925 mtaalamu wa Kifaransa, Marcel Mauss, alitoa insha mashuhuri juu ya jambo hili. Alikusanya habari za watu wa visiwa vya Pasifiki, za makabila ya pwani ya magharibi ya Kanada, na za sheria za kale za Warumi na Wahindi. Hoja yake ni kwamba zawadi ina mambo matatu yaliyo lazima: kutoa, kupokea, na kurudisha. Asiyerudisha hupoteza heshima. Akataaye kupokea amekataa urafiki.

Hata kwetu twauona ukweli wa maneno hayo. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo ilifuata bonde la Mkondoa, ikapanda mpaka Ugogo, na huko iliwapa wakuu wa nchi hongo, yaani nguo za merikani na kaniki, na ushanga. Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871, akatoa hongo huku akinung'unika. Wageni waliiona kuwa ni unyang'anyi; wenyeji waliiona kuwa ni haki yao, maana wageni walikunywa maji ya visima vyao. Leo neno lilo hilo ni jina la rushwa.

Kadhalika mahari ya Wakaguru, ambao huhesabu ukoo kwa mama, haikuwa bei ya mtu. Iligawanywa upande wa baba na upande wa mjomba, ili koo zifungamane. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa.

Lakini twaona upungufu katika insha ile. Mifano yake mingi ni ya wakuu washindanao kwa ukarimu, hata wengine huteketeza mali yao ili wapate sifa. Juu ya mtu asiye na kitu cha kurudisha, yasema machache mno.

Mtu huyo tulimwona katika arusi moja karibu na Mikumi. Kamati ilikuwa imekwisha kugawa kadi, na kila kadi imeandikwa kiasi cha mchango. Fedha zilipelekwa kwa simu, na majina yakatiwa daftarini. Akaja mama mmoja mjane, jirani wa bibi arusi tangu utotoni, amejitwika kikapu cha unga na kuku juu yake. Mlangoni aliulizwa kadi. Hakuwa nayo. Alikiweka kikapu chini, akasimama kitambo, kisha akajitwika tena, akarudi kwake. Nasi tuliokuwa na kadi tulikula wali, wala hatukuinuka.

Twajua kwamba arusi ina gharama, na kamati haina budi kupanga. Lakini zamani mwenye kuni alileta kuni, mwenye nguvu alitwanga, mwenye sauti aliimba, na wote walikuwa wenye arusi. Siku ya kurudishiana haikuandikwa popote. Ilikuja yenyewe, kwa msiba au kwa mavuno.

Hapo twaweza kumsoma Mauss upya. Tumezoea kumlaumu asiyetoa, na huku sisi wenyewe tumevunja jambo la pili, ambalo ni kupokea. Maskini naye ataka kuwadai majirani na kudaiwa nao, kwa maana ndivyo ujirani ulivyo. Tukikikataa kikapu chake tumemwambia kwamba si mwenzetu, hata kama kesho tutampelekea msaada.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa kamati: daftari na liwepo, lakini kando yake pawe na mahali pa kuweka kikapu, na mtu wa kukipokea kwa mikono miwili.