RAV4 haibridi na mlio wa injini Mlima Kitonga

Mtu aliyezoea otomatiki ya kawaida, akikabidhiwa RAV4 haibridi ya kizazi cha tano, atalalamikia jambo moja kabla ya mengine yote: mlio wa injini na mwendo wa gari haviendani. Taa za Mwenge zikiwaka kijani gari linaondoka kimya, halafu injini inawaka bila kuaga, inapandisha sauti na kubaki palepale huku mshale wa mwendo ukiendelea kupanda. Ukiachia mafuta, inazima ukiwa bado kwenye 60. Masikio yetu yamelelewa na giaboksi, yanajua kwamba injini ikilia sana gari linakwenda sana. Kwenye gari hili kanuni hiyo imefutwa. Ukielewa ilivyofutwa, umeelewa karibu kila kitu kingine, kuanzia ulaji wake wa mafuta hadi tabia yake mlimani.

Gari lenyewe ni la 2019, limeshuka Dar es Salaam likiwa limekwishatumika Japani, kama yalivyo magari mengi ya familia hapa kwetu. Upya wake, basi, ni upya wa kwangu. Toyota ilikionyesha kizazi hiki New York Machi 2018 na kuanza kukiuza Japani Aprili 2019. Ukoo wa RAV4 ulianza 1994. Chini ya boneti kuna injini ya petroli ya silinda nne, lita 2.5, yenye nguvu farasi 178. Mbele imesaidiwa na mota ya umeme ya kilowati 88, na kwenye toleo linalosukuma magurudumu manne iko mota nyingine ya kilowati 40 nyuma. Ukijumlisha kwa kalamu utapata namba kubwa kuliko farasi 222 wanaotangazwa. Sababu ni betri: ni ndogo, haiwezi kuzilisha mota hizo kwa nguvu yake yote wakati injini nayo imefika mwisho.

Sasa twende kwenye kile ambacho fundi wa mtaani atakiita giaboksi. Ndani yake hakuna gia ya kwanza wala ya pili. Kuna seti moja tu ya meno: gia ndogo katikati, gia kadhaa zinazoizunguka zikiwa zimeshikwa na kibebeo kimoja, na pete kubwa kwa nje. Injini imefungwa kwenye kibebeo. Gia ya katikati imefungwa kwenye mota ya umeme ambayo kazi yake kubwa ni kuzalisha. Pete inakwenda magurudumuni, na mota ile kubwa ya kilowati 88 inasukuma upande huohuo wa magurudumu. Sehemu hizo tatu haziachani kamwe. Mzunguko wa mbili ukishajulikana, wa tatu umeshaamuliwa.

Maana yake ni hii. Gari likiwa kwenye 80, kompyuta inaweza kuiweka injini kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, au 3,000, au kuizima kabisa, kwa kuiharakisha au kuipunguza ile mota ya katikati tu. Mguu wako hauagizi mizunguko ya injini, unaagiza nguvu. Kompyuta inaitazama nguvu uliyoomba, inatafuta mahali ambapo injini itaitoa kwa petroli kidogo zaidi, inaiweka hapo na kuiacha. Mlio ule usiobadilika wakati mwendo unapanda ndio injini ikiwa mahali pake. Mpango huu Toyota iliuingiza sokoni na Prius mwaka 1997, na tangu hapo imekuwa ikiunoa bila kuubadilisha msingi.

Injini nayo imetengenezwa kwa ajili ya maisha hayo. Vali za kuingiza hewa huchelewa kufunga, hivyo sehemu ya hewa hurudishwa nje kabla ya kubanwa, halafu mlipuko hupewa nafasi ndefu ya kutanuka na kufanya kazi. Uwiano wa mbano ni 14 kwa 1, na Toyota inasema injini hii hufikia kugeuza asilimia 41 ya joto la petroli kuwa kazi, kiwango cha juu kwa injini ya petroli ya gari la kawaida. Gharama yake ni unyonge kwenye mizunguko ya chini. Ungeifunga peke yake kwenye gari la karibu tani 1.7 ungeichukia ndani ya wiki. Mota ya umeme, ambayo ina nguvu tele tangu mzunguko wa kwanza, ndiyo inayolifunika pengo hilo, na wala hutambui kwamba pengo lilikuwepo.

Fundi niliyempelekea kubadilisha oili alizunguka boneti mara mbili kisha akaniuliza, "Bosi, mkanda wake uko wapi?" Haupo. Hakuna altaneta, hakuna starta, hakuna klachi. Pampu ya maji na kompresa ya AC zinaendeshwa kwa umeme. Kwa mkazi wa Dar hili la AC ni kubwa kuliko linavyosikika: kwenye foleni ya Mbagala mchana wa Januari, watoto nyuma wanapata ubaridi ule ule injini ikiwa imezima, na inawaka kwa vipindi vifupi pale betri inapotaka kujazwa. Hata gia ya kurudi nyuma haipo. Mota inageuzwa mzunguko tu.

Breki zinahitaji uzoefu kidogo. Ukikanyaga taratibu, pedi hazigusi diski kwa kiasi cha maana; mota zinageuka jenereta na mwendo wa gari unageuzwa kuwa umeme. Ukikanyaga kwa nguvu, au ukikaribia kusimama, breki za mafuta zinapokea kazi. Makabidhiano hayo yanasikika mguuni kwenye mita chache za mwisho, na mwanzoni utasimama kwa kishindo mbele ya kila tuta. Baadaye mguu unajifunza kuanza kukanyaga mapema na polepole. Akiba ya mafuta ya mjini inatoka hapo zaidi ya mahali pengine popote: kila kusimama kunakolipwa na mota kunatumika tena kwenye kuondoka.

Ndiyo maana hesabu ya mafuta ya gari hili imepinduka. Karatasi za Japani zinalipa toleo la magurudumu manne kilomita 20.6 kwa lita. Mjini, kwenye mwendo wa kusimama na kuondoka kati ya Kimara na Posta, kipimo cha dashibodi hukaribia namba hiyo kuliko nilivyotarajia. Ukishavuka Chalinze na kushika 110 bila kupumzika, kinashuka wazi. Hakuna cha kuokota tena: hufungi breki, upepo unakula, na injini inawaka muda wote kama ya gari lolote. Ilibaki nzuri, lakini haikuwa miujiza. Kipande kilichonishangaza ni cha ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Vibao vya mwendo vinakubana, wanyama wako kando ya barabara, na gari likawa linateleza kwa umeme kwa vipande virefu, likiwasha injini pale tu inapobidi. Kuna nyani waliotupita bila kugeuka.

Kisha Kitonga. Anayepanda kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa anaupata mtihani wa kwanza wa gari. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila ukipanda mita 1,000, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi; mota ya umeme haijali hewa. Kwa hiyo nafasi ya kulipita lori la Tunduma ikipatikana, msukumo wa kwanza unaupata kamili, na kuruka lori moja si tatizo. Tatizo ni urefu wa mlima. Betri inaisha mapema, na baada ya hapo ni injini peke yake ikilia kwenye mizunguko ya juu kona baada ya kona, gari likiwa limejaa watu na mizigo. Halikosi nguvu, lakini kwa dakika hizo ule utulivu uliolipia haupo.

Kurudi ndiko kulikozua mjadala ndani ya gari. Tulipoanza kuteremka, dashibodi ilionyesha betri ikijaa kwa kasi, mama watoto akaifurahia. Baada ya kona chache injini ikaanza kulia, mguu wangu ukiwa mbali na mafuta. "Baba Amina, mbona linalia hivyo na tunashuka? Umekanyaga nini?"

Jibu liko kwenye hesabu fupi. Gari hili likiwa na familia na mizigo linafika karibu tani 2.1. Likishuka mita 100 za wima linaachia nishati ya kama kilowati-saa 0.57. Betri yake nzima ni ya takribani kilowati-saa 1.6, na kompyuta hairuhusu itumike yote. Huicheza sehemu ya kati, chini ya nusu, ili idumu. Toa kinachopotea kwenye upepo, matairi na kugeuza umeme, bado betri itajaa kabla hujamaliza mita 200 za wima. Kitonga ni mamia ya mita. Nishati inayobaki lazima iende mahali, la sivyo itakwenda kwenye diski za breki, na harufu ya breki zilizoungua za malori pale mlimani inatosha kukueleza mwisho wake. Kilichofanywa na wahandisi ni kuitumia mota ya katikati kuizungusha injini bila kuipa petroli hata tone. Injini inakuwa pampu ya hewa, inakula umeme usio na pa kwenda na kulishika gari. Ule mlio, kwa maneno mengine, ni breki.

Dereva anaweza kuusaidia mpango huo kwa kuvuta gia kwenye S na kushusha hatua mapema kabla ya kona za kwanza, badala ya kusubiri pedi zipate moto. Sielewi kwa nini wauzaji hawalisemi hili wanapokukabidhi ufunguo.

Kuhusu magurudumu manne, nitakuwa mkali kidogo. Hakuna shafti inayotoka mbele kwenda nyuma. Mota ya kilowati 40 iko peke yake kwenye ekseli ya nyuma, ikiungana na mbele kwa waya tu. Toyota inasema hadi asilimia 80 ya nguvu ya kuzungusha inaweza kupelekwa nyuma, na kwenye barabara ya udongo iliyolowa utaihisi ikilinyoosha gari kabla hujaurekebisha usukani. Kwa utelezi wa kwenda shamba Kibaha inatosha na kubaki. Lakini chini kuna nafasi ya kama sentimita 19 tu, na hakuna gia nzito ya kutambaa. Anayelinganisha hili na Prado kwa sababu yote yana magurudumu manne yanayosukuma hajawahi kukwama mfinyanzini.

Mengine yanapita haraka. Buti la lita 580 linameza masanduku ya familia na bado dirisha la nyuma linaonekana. Viti vya nyuma vina nafasi ya magoti ya mtu mzima. Matairi ya inchi 18 yanapiga kelele kwenye lami ya kokoto. Onyo la kutoka kwenye mstari linafanya kazi pale mstari ulipo, yaani si kila mahali. Redio ni ya Kijapani, masafa yake yanaishia chini ya vituo vyetu vingi, na ramani yake inadhani bado mko Japani.

Kuna mambo matatu ambayo mnunuzi wa hapa anapaswa kuyakagua kabla ya kulipa. La kwanza ni matundu ya hewa yaliyo chini ya kiti cha nyuma. Betri kubwa inapozwa na hewa ya ndani ya gari, na vumbi letu jekundu likiziba kichujio, au mtoto akirundika sweta mbele yake, betri inachemka na kuzeeka kabla ya wakati. Kichujio kinatolewa na kusafishwa. Mwambie fundi akisafishe kila sevisi. La pili ni kutu. Kanada, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, wamiliki walikuta kiungio cha waya wa umeme mkubwa unaokwenda kwenye mota ya nyuma kikiliwa na kutu, na Toyota ikarefusha dhamana yake huko. Gari lililoishi mikoa ya theluji ya Japani linaweza kuwa na historia kama hiyo, na anayeishi Tanga, Mombasa au Zanzibar anaiongezea chumvi ya bahari. Soma karatasi ya mnada, kisha ingia uvunguni kwa macho yako. La tatu ni dogo lakini litakuumiza usiku: fungua sakafu ya buti uone kama kuna tairi la akiba. Magari mengi ya Japani ya siku hizi huja na kopo la dawa ya kuziba pancha, na kopo halisaidii tairi lililochanika ubavuni.

Kwa familia inayoishi ndani ya foleni na kusafiri mkoani mara chache kwa mwaka, sijaona gari la ukubwa huu linalowafaa zaidi. Kama kazi yako ni Dodoma hadi Mwanza kila wiki kwenye 110, chukua RAV4 ya petroli ya kawaida: tofauti ya mafuta kwenye barabara kuu ni ndogo kuliko tofauti ya bei, na fundi wa kuijua utampata kila mji.