Ukuta Kwanza, Picha Baadaye

Ukiingia kanisa la zamani lenye picha ukutani, usikimbilie sura ya Yesu. Anza chini, ukuta unapokutana na sakafu. Huku Lupembe, ukungu unakolalia mashamba ya chai, unyevu ndio mkaguzi wa kwanza wa kazi ya mwashi, nao haupokei bahasha.

Makanisa ya Kilutheri ya Ubena, matunda ya Misheni ya Berlin iliyofika huku miaka ya 1890, hayana mazoea ya picha. Ni shule nzuri: hakuna cha kukuzubaisha. Gonga tofali la kuchoma kwa ufunguo. Lililoiva hulia kama chungu kizima, bichi huguna. Kisha tazama usawa wa goti. Ukiona chumvi nyeupe kama unga na chokaa inayobanduka magamba, ukuta unakunywa maji. Mara nyingi aliyeuponza alitaka mema: kapiga lipu ya saruji juu ya matofali yaliyojengewa udongo. Chokaa hupumua. Saruji huziba, na maji yakikosa njia huvunja.

Sasa, katika kanisa lenye picha, inua macho. Picha ya lipu mbichi hupakwa juu ya chokaa kabla haijakauka, rangi ikanywewa ikawa ukuta wenyewe. Kwa hiyo hupigwa lipu kipande cha kutosha kazi ya siku moja tu. Mulika tochi kutoka ubavuni, utaiona mishono ya siku hizo. Mishono michache, iliyofichwa kwenye mikunjo ya mavazi, ni dalili ya mkono uliokomaa.

Halafu simama anaposimama muumini. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora mwaka 1959 picha tano katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, Kenya, tangu kuzaliwa hadi msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, lakini hilo peke yake lisingenitosha. Kubadili ngozi ni kazi ya dakika. Kinachonishika ni kwamba vilima vya Ukikuyu vimo ndani ya habari yenyewe, havikubandikwa nyuma kama pazia la studio ya picha.

Mwisho, chunguza marekebisho. Mitume wote wakikutolea macho kwa mshangao mmoja, ujue amepita fundi wa rangi za milango.