Ukuta Mnene wa Njia ya Hewa Hauthibitishi Nimonia

Mtoto wa Bweremana, mashariki mwa Kongo, anayekohoa akifikishwa penye mashine ya eksirei, na picha ikaonyesha kuta nene za njia za hewa, ni rahisi kuandika "nimonia" na kufunga faili. Alama hiyo haina nguvu ya kubeba jina hilo. Karibu na kitovu cha pafu, mrija wa hewa unaoelekea mbele huonekana kama kiduara cheusi chenye ukingo mwembamba, ubavuni mwake pana kivuli cheupe cha mshipa wa damu. Ukingo ukinenepa, ujue utando umevimba au majimaji yameuzunguka mrija. Virusi husababisha hali hiyo, pumu pia, na moyo uliolemewa vilevile. Hata mtoto aliyepigwa picha akilia na kutoa pumzi, vivuli vyake husongamana vikamdanganya msomaji.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikabili tatizo hili mwaka 2001, walipoweka vigezo vya kusoma picha za watoto kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya nimokokasi, bakteria anayesababisha nimonia. Walihitaji alama ambayo wasomaji wawili, kila mmoja akisoma peke yake, wangeafikiana juu yake, na iliyo karibu zaidi na maambukizi ya bakteria. Wakachagua kivuli kizito kinachofunika sehemu ya pafu, au maji yaliyokusanyika nje ya pafu. Unene wa kuta wakauweka katika kundi la vivuli vingine. Faida yake ilionekana Kilifi, Kenya. Baada ya chanjo kuanza kutolewa mwaka 2011, nimonia iliyothibitishwa kwa vigezo hivyo ilipungua kwa karibu nusu, ilhali ile iliyotambuliwa kwa dalili peke yake ilipungua kwa takribani robo.

Atatokea wa kusema kwamba vigezo vya utafiti havimfai mgonjwa aliye mbali na hospitali, heri apewe dawa. Lakini uamuzi wa dawa hausubiri picha. Hesabu pumzi kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5. Tazama kama kifua kinabonyea ndani, pima oksijeni kama imeshuka chini ya asilimia 90. Mwenye dalili hizo atibiwe, hata picha ikiwa safi. Tena PERCH, utafiti wa visababishi vya nimonia ya watoto katika nchi 7, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2019, ulikubali picha za makundi yote mawili, zenye kivuli kizito na zenye vivuli vingine, na ukakadiria kwamba virusi vilisababisha asilimia 61 ya ugonjwa na bakteria 27.

Kwa hiyo ripoti iseme kilichoonekana: kuta zimenenepa, kivuli kizito hakuna, pumzi ilivutwa vizuri au la. Kikohozi kikiendelea kwa wiki kadhaa, maneno hayo yatamrudisha muuguzi kwenye maswali ya pumu, moshi wa kuni na makaa, na kifua kikuu nyumbani. Faili lililofungwa kwa neno "nimonia" litayaziba.