Ukakasi si Uchungu

Divai ya mchanganyiko hupimwa mezani, haipimwi katika bilauri peke yake. Wachambuzi wengi wa vinywaji hulipuuza jambo hili: hunusa, huhesabu matunda na maua, kisha hutoa alama kabla ya sahani kuletwa.

Ichukuliwe divai nyekundu ya Côtes du Rhône, ya bonde la mto Rhône kusini mwa Ufaransa, ambayo jina lake lilipata ulinzi wa sheria mwaka 1937. Kwa desturi huchanganywa zabibu za aina kadhaa, na tatu ndizo mashuhuri. Grenache huleta ulaini, harufu ya matunda mekundu yaliyoiva na joto la kilevi. Syrah huleta rangi nzito na harufu ya pilipili manga. Mourvèdre huleta nguvu inayokishika kinywa. Kila moja husitiri upungufu wa mwenzake.

Nguvu hiyo ya kushika kinywa ndiyo iliyowapotosha wafasiri. Sifa za divai zinapohamishwa kutoka lugha za Ulaya, ile isiyobakiwa na sukari huitwa ‘kavu’, na ile inayoukaza ulimi huitwa ‘chungu’. Neno la kwanza halimfahamishi msomaji kitu. La pili linamdanganya. Uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Kinachotoka katika maganda na kokwa za zabibu ni ukakasi, ule ule wa bibo na ndizi mbichi, ambao anaujua hata asiyepata kuonja divai wala asiyekusudia kuionja.

Kosa hilo lina gharama yake jikoni. Mpishi anayeambiwa divai ni chungu atatafuta utamu wa kuufunika uchungu, na chakula kitamu huifanya divai isiyo na sukari izidi uchachu. Anayeambiwa ina ukakasi atajua pa kuanzia. Ukakasi hutokea pale tanini zinaposhikamana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi. Nyama iliyonona na chumvi kidogo huupunguza. Ndiyo maana huko Provence divai hii huandamana na mguu wa kondoo wa kuoka, au daube, nyama ya ng’ombe iliyopikwa polepole ndani ya divai. Samaki wenye mafuta hawapatani nayo: mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kuwa madini ya chuma yaliyomo katika divai huamsha shombo. Pilipili kali nayo huzidishwa moto na kilevi.

Divai hii haikosi kasoro. Katika miaka ya joto kali Grenache hukusanya sukari nyingi, kilevi kikapita asilimia 14, na ulaini ukageuka uzito. Lakini kueleweka upesi si kasoro. Shairi linaloeleweka mara ya kwanza laweza kustahili kusomwa mara ya kumi. Na divai isiyo na makuu huulizwa swali moja tu: baada ya tonge, je, ulimi unaitaka tena?