Mzigo Ulio Njiani

Yapo masomo ambayo mwalimu akieleza vizuri, kazi imekwisha. Ugavi haumo. Unaweza kusimama mbele ya darasa la mwaka wa pili, ukaeleza safari ya sukari kuanzia shamba la miwa hadi kikombe cha chai, ukachora mishale ubaoni, kila mtu akanakili na kila mtu akafaulu. Kisha mhitimu huyohuyo anakabidhiwa stoo, na baada ya muda si mrefu rafu za upande mmoja zimejaa vitu visivyotoka, za upande wa pili ni tupu. Si kwamba hana akili. Hajazoea kuhesabu kitu ambacho hakioni.

Ndiyo sababu nawavulia kofia walimu wa uendeshaji wa ugavi, wale wanaofundisha kupokea, kutunza, kuagiza na kusafirisha, si wale wa mikakati mikubwa na michoro ya rangi. Fani yao haina jina zuri mtaani. Ukisema unasomea ununuzi na ugavi, mjomba atakukonyeza na kuuliza asilimia kumi yake umemwekea wapi. Watu wanaijua fani kwa wezi wake. Hawamjui yule aliyefanya dawa ziwepo kwenye zahanati siku mtoto alipopandwa na homa, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na habari ya kusimulia.

Chombo kikuu cha walimu hawa ni mchezo wa mezani ulioanzia Chuo Kikuu cha MIT, Marekani, kwa Jay Forrester na wenzake, karibu mwaka 1960. Bidhaa yake ilikuwa bia, na hadi leo duniani unajulikana kwa jina hilo. Mhadhiri mmoja ninayemfahamu, ambaye wanafunzi wanamwita Madam tu, ameigeuza bia kuwa sukari, maana darasani mwake wamo wasiotaka kuigusa bia hata kwenye karatasi. Vifuniko vya soda ndiyo mifuko.

Meza moja ina watu wanne: muuzaji wa rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji na kiwanda. Kila mmoja anaanza na mifuko 12 stoo. Kila wiki unapokea mzigo, unamtimizia aliye chini yako, unaandika oda kwenye kikaratasi, unakifunika na kumsogezea aliye juu yako. Oda huchukua wiki mbili kufika, na mzigo wiki mbili nyingine kurudi. Mfuko uliolala stoo unakugharimu shilingi 500 kwa wiki, na mfuko unaodaiwa shilingi 1,000. Kuongea hakuruhusiwi. Wanaambiwa mchezo ni wa wiki 50, lakini Madam huukata wiki ya 36, ili asitokee mjanja wa kuanza kumaliza stoo yake mapema kwa kuwa mwisho anaujua.

Wiki nne za mwanzo ni usingizi mtupu. Mteja, ambaye ni wa kwenye kadi tu, anataka mifuko minne, anapewa minne. Vijana wanatazamana: hivi ndiyo ada tuliyolipia? Wiki ya tano mteja anataka minane. Muuzaji wa rejareja anatoa, anaona stoo inapungua, anaagiza kidogo zaidi. Wiki ya sita minane tena, na ile oda ya nyongeza bado haijaleta kitu. Anaagiza tena, safari hii kwa woga. Muuzaji wa jumla naye anaona oda zinapanda, anaongeza za kwake. Zikifika kiwandani, msichana aliyekuwa akichezea kalamu ameketi wima na kuandika 40.

Hapo ndipo ufundi wa mwalimu unapoonekana, nao ni ufundi wa kunyamaza. Meza zote zinamtazama. "Madam, hawa kiwandani wanatuhujumu." Anajibu, "Wiki ya kumi na moja, andikeni oda." Mwingine analalamika kwamba anadaiwa mifuko 30 na hakuna aletaye. "Wiki ya kumi na mbili." Nimewahi kukaa nyuma ya darasa hilo, na nakiri kwamba ulimi uliniwasha. Ungetosha msemo mmoja kumwokoa yule kijana: hesabu kwanza ulichokwisha agiza. Lakini angeupokea kama walivyopokea mishale ya ubaoni, angeuandika na kuusahau. Madam anapita kati ya meza, mikono nyuma, hasemi neno.

Kisha mzigo unafika, wote kwa pamoja. Vifuniko vinajaa mezani hadi vinamwagika sakafuni. Aliyekuwa akidaiwa mifuko 30 sasa ana 60 asiyojua pa kuipeleka, na hataagiza tena kwa wiki nyingi. Kiwanda kinakaa bure. Mchezo unapokwisha, Madam anawataka waliokuwa kiwandani wachore wanavyodhani mteja alinunua. Wanachora mlima na bonde: wateja walivamia, halafu wakatoweka. Ndipo anafunua kadi za mteja moja moja. Nne, nne, nne, nne. Nane, nane, nane, nane, nane, mpaka mwisho. Mteja alibadilika mara moja tu. Mlima na bonde walivijenga wenyewe pale mezani, na kila mmoja anaapa kwamba mwenye kosa ni jirani yake.

Mwaka 1989 John Sterman wa MIT alichapisha matokeo ya mchezo huu, uliochezwa na wanafunzi pamoja na watu wa makampuni. Kwa wastani gharama zao zilikuwa kama mara kumi ya kile ambacho kingewezekana. Akachimba sababu, akaikuta palepale: watu hutazama stoo na madeni, lakini mzigo waliokwisha uagiza na uko njiani hawaupi uzito wake. Wanaagiza kitu kilekile mara mbili, mara tatu, kwa sababu hakionekani.

Kuanzia hapo kufundisha kunakuwa rahisi, kwa kuwa darasa limeshaumia. Madam anaweza kuwasimulia habari ya kampuni ya Procter & Gamble na nepi za Pampers. Watoto wachanga wanatumia nepi kwa kiasi kilekile wiki baada ya wiki, ila oda za wasambazaji zilikuwa zikipanda na kushuka, na oda za malighafi zikayumba zaidi. Jambo hilo likaitwa mjeledi: mkono hucheza kidogo, ncha inapiga mbali. Hau Lee na wenzake walieleza visababishi vyake mwaka 1997, na kimojawapo Watanzania tunakijua bila kukisoma. Bidhaa ikiadimika na ikaanza kugawiwa kwa mafungu, kila mtu huomba zaidi ya anachohitaji ili apate anachohitaji. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Nino zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari ilikuwa ya kutafutwa. Anayesikia sukari imeadimika hununua kilo mbili mahali pa moja, na mwenye duka anaona wateja wameongezeka wakati ni walewale.

Hesabu nazo zipo, na mwalimu mzuri hazikwepi, ila anajua zinapoishia. Ile kanuni ya Ford Harris ya mwaka 1913, ya kutafuta kiasi cha kuagiza kwa mara moja, bado inafundishwa. Tuseme duka linauza mifuko 1,200 kwa mwaka, kila oda inagharimu shilingi 12,000 za simu, usafiri na makaratasi, na kuutunza mfuko mmoja mwaka mzima ni shilingi 2,000. Kanuni inasema agiza 120, mara kumi kwa mwaka, na gharama zitakuwa 240,000. Darasa linafurahi. Madam anauliza: gari la kukodi linabeba mifuko 150, utaliachia nafasi wazi? Wanapiga hesabu upya kwa 150, oda nane: 246,000. Tofauti ni shilingi 6,000 kwa mwaka mzima. Jaza gari. Kanuni inasamehe ukikosea kidogo kiasi cha kuagiza. Ukisahau kwamba gari la kwanza bado liko njiani, haikusamehe.

Vivyo hivyo kwa foleni. Malori 500 yakiwa yamejipanga mpakani Tunduma, na kwa siku yanavuka 100, dereva wa mwisho atasubiri siku tano. John Little alilithibitisha hilo kihisabati mwaka 1961, madereva wanalijua kwa tumbo.

Na kuna siku ya kutoka nje, ambayo naiona bora kuliko mihadhara yote. Wanafunzi wanapelekwa stoo ya kituo cha afya, wanapanda ngazi, wanahesabu makopo ya dawa kwa mkono, kisha wanasoma kadi ya stoo. Kadi inasema 46, rafu ina 41. Hapo hakuna anayefundisha. Wanaanza kuulizana wenyewe: zimetoka bila kuandikwa, zimeharibika, au zimehesabiwa kwa haraka? Mwenye stoo anawaonyesha jinsi anavyopanga inayokaribia kuisha muda wake itangulie mbele, na daftari anamoandika alichokwisha omba Bohari ya Dawa ambacho hakijaletwa. Ukurasa ule mchafu una alama za vidole na chai, na ndani yake mmeandikwa jambo ambalo meza nzima ya mchezo ililisahau.

Kazi hii haifanyiki katika kipindi cha saa moja, kwenye ukumbi wa watu 300 na viti vilivyofungiwa sakafuni, ambako ndiko wengi wa walimu hawa wanakopangiwa. Mchezo ukikatwa wiki ya kumi, wanafunzi wanaondoka wakiamini kiwanda ndicho kibaya, na hapo afadhali wasingecheza kabisa. Basi enyi mnaopanga ratiba za vyuo, mpeni mwalimu wa ugavi saa tatu mfululizo, asubuhi moja tu kwa muhula, na chumba chenye meza zinazosogea. Vifuniko vya soda atavitafuta mwenyewe.